Nusu ya Pumzi

Chupa ilifika Moshi saa mbili usiku
chini ya kiti cha basi la Tanga,
imekazwa kwa mpira wa baiskeli,
na kikaratasi: *Mjomba, usinywe, ni bahari.
Nimeichuja kwa kitambaa cha hariri.
Tazama kesho mapema, hawana subira. Ndeshi.*

Mimi ni mtunza maabara, Kiboriloni.
Nina hadubini moja, shingo yake
imefungwa plasta ya kidonda.
Jumapili napuliza tarumbeta la besi
katika bendi ya usharika,
ndiyo maana mashavu yangu
hayarudi tena mahali pake.

Nikadondosha tone moja juu ya kioo.
Nikafumba jicho la kushoto.

Jamani.

Visanduku vya kioo, kila kimoja na mfuniko wake,
vimetobolewa vitundu kwa mpangilio
ambao mafundi cherehani wa Mbuyuni wangeuonea wivu.
Kimoja gurudumu, kingine sindano,
vingine vimeshikana kama shanga
zilizokataa kukatika.
Na kijidudu chenye jicho moja jekundu,
masharubu marefu kuliko kiwiliwili,
kinaruka, kinatulia, kinaruka,
kama mtu aliyesahau kitu nyumbani.

Kidato cha tatu wakapanga foleni.
Kweka akauliza: wanauma?
Elirehema akakaa pale mpaka wenzake wakamvuta sketi.
Nikawapa jina, planktoni,
wakalitafuna kama karanga yenye mchanga.
Nikawaambia: hewa njema tunayovuta,
karibu nusu yake wanaitengeneza hawa,
kwa jua na maji, bila mkutano.
Darasa likanyamaza.
Nikasikia mtu mmoja akivuta pumzi
taratibu, kama anayeonja mchuzi.

Mimi nikamkumbuka kaka yangu Ndelilio,
mpagazi, kilo ishirini kichwani,
kule juu Barafu ambako pumzi
hupimwa kama sukari ya magendo.
Anapohema he, he, he,
nani angedhani wanaomsukuma mgongoni
wako chini kabisa, usawa wa bahari,
hawajawahi kusikia neno mlima?

Kesho yake Elirehema alileta ubeti
nyuma ya karatasi ya jaribio:

*Wadogo wa baharini, nuru yao ni chakula,
Hawana kiti nchini, wala cheo, wala ila,
Tunavuta mapafuni, hewa yao tukilala,
Moshi hadi Tanga pwani, nani kawalipa hela?*

Nikahesabu mizani kwa vidole. Imetimia.
Jaribio lenyewe alikuwa amefeli.

Siku ya tatu chupa ilinuka.
Visanduku vilibaki, wenyewe hawamo,
na lile jicho jekundu
lilikuwa doa tu kwenye maji.
Kuimwaga mferejini sikuthubutu,
chumvi na migomba ya jirani haziivi chungu kimoja.
Nikaimwaga nyuma ya choo cha walimu
na nikavua kofia,
sijui kwa nini. Mlinzi aliniona.

Usiku ule nikaandika noti.
Aikande, kiongozi wetu wa bendi,
akaigeuza karatasi juu chini, chini juu.
“Besi peke yake? Noti moja, ndefu hivi?
Kornet wafanye nini, wapige miayo?”
“Wasubiri.”
“Na ni muziki wa nani?”
“Wa wasioonekana.”
“Malaika?”
“Wadogo zaidi.”
Akanitazama kama anayekadiria homa,
kisha kwa penseli akaandika pembeni:
*polepole. Kohoa kwanza.*

Basi Jumapili, baada ya matangazo
na mnada wa ndizi na jogoo mmoja,
nikasimama. Nikakohoa.
Nikavuta hewa mpaka vifungo vikalalamika,
nikaiachia ndani ya shaba.

Madirisha yakatetemeka.
Mtoto mmoja akacheka, mama yake akamziba mdomo,
akaendelea kuchekea puani.
Noti ikaenda, ikaenda,
ikapita pale ambapo pumzi yangu huishia
siku zote.

Nusu ilikuwa yangu.
Sijui ni ipi.